Kutafuta ukoo wa Ireland bila kulipa: irishgenealogy.ie nawapendekezea kabisa

Wadau, mi nimeolewa huku Ireland, watu wa mume wangu ni wa kaunti ya Mayo, na watoto wamefika ule umri wa kuuliza guka (babu) wa guka alikuwa nani. Upande wangu wa Murang'a majibu yapo, upande wa baba yao walikuwa wanaishia kwa nyanya tu, so hiyo kazi nikaishika mimi.

Saiti niliyoitegemea zaidi ni irishgenealogy.ie. Ni ya serikali, hulipi hata senti moja, na kitu naipendea ni kwamba haikupi maneno yaliyochapwa upya na mtu mwingine, inakufungulia picha ya ukurasa wenyewe wa kitabu cha msajili. Vizazi wanaweka vikishapita miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Usajili wa watu wote ulianza 1864, wasio Wakatoliki ndoa zao zinaanzia 1845, na mpaka 1921 ni kisiwa kizima, hata ile kaskazini. Kwa kizazi unapata jina la baba na kazi yake, jina la mama la kwao kabla aolewe, na nani alienda kuripoti. Kwetu aliyeripoti ni nyanya mmoja hakujua kuandika, karani ameandika jina lake halafu hapo katikati kuna msalaba, alama yake. Wino umekwaruza kidogo upande mmoja. Nimeuangalia huo msalaba sana jamani, sababu katika yote tuliyopata hicho ndicho kitu pekee kinachotukumbusha mkono wake.

Tarehe lakini usizishike kama amri. Kuchelewa kusajili mtoto kulikuwa na faini, kwa hivyo wazazi wengi walisogeza mbele siku ya kuzaliwa, ndio unakuta mtoto amebatizwa kabla hajazaliwa! Amini tarehe ya kanisa. Na umri pia: sensa ya 1901 na ya 1911 ziko bure kwenye saiti ya National Archives, sasa utakuta mtu alikuwa na 55 halafu baada ya miaka kumi ana 71. Sababu ni pensheni ya wazee, ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha 70, watu wakajiongezea miaka. Hiyo fomu ya 1911 isome polepole, kila mke aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa wangapi na wangapi wako hai, na ukiona zile namba mbili zimepishana unajua hao watu walizika watoto ambao hata hukuwa umesikia.

Watu huambiwa eti rekodi zote za Ireland ziliungua Four Courts, yale majengo ya mahakama na hifadhi ya nyaraka kule Dublin, 1922. Si zote. Sensa za 1821 mpaka 1851 ndizo ziliteketea karibu zote pale, za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilishaziharibu, za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa vita vya kwanza. Ukitaka kurudi nyuma ya 1864 nenda vitabu vya parokia za Katoliki, National Library imeviweka bure tangu 2015, ila pale hutafuti kwa jina, unachagua parokia unaanza kufungua kurasa, mwandiko mbaya na Kilatini juu, James anakuwa Jacobus. Kuna RootsIreland ya kulipia ambayo ina majina yamepangwa, hiyo lipa mwezi mmoja ukiwa tayari na orodha yako. Kampuni nyingine kubwa ya kimataifa sitaitaja, ilinikata pesa ya mwaka mzima nikidhani ni majaribio, na miti ya ukoo ya pale watu wanakopiana tu.

Kilichonisaidia kurudi nyuma zaidi ni majina. Wairishi wa zamani walikuwa wanaita watoto karibu kama sisi Wakikuyu, kijana wa kwanza anaitwa babake baba, wa pili babake mama, wasichana tu ndio wanageuza, wa kwanza mara nyingi anachukua nyanya mzaa mama. Si kila nyumba ilifuata, lakini nilipoona kifungua mimba ni Patrick nilijua Patrick wa kutafuta juu.

Na msifanye peke yenu. IrelandXO wana watu wa kujitolea kwa kila pembe, unaandika parokia na kitongoji (townland), wenyeji wanakujibu bure. Kitongoji ndio kila kitu, viko zaidi ya 60,000 na nyumba mbili za jina moja la ukoo zinaweza kuwa hazina undugu kabisa. Mzee mmoja wa hapo Mayo alituambia wetu ni wale wa upande wa ziwa, akatuonyesha shamba lao kwenye ramani ya Griffith, ule uthamini wa ardhi wa 1847 mpaka 1864, halafu akatuunganisha na binamu wa mume wangu ambaye hatukujua yupo, sasa wanapigiana simu kila Jumapili.

Kwa wale wanaouliza sababu ya paspoti: kama babu au nyanya yako alizaliwa kisiwa cha Ireland unaweza kuomba uraia, ila picha za kwenye saiti hazikubaliwi, agiza cheti halisi General Register Office, ofisi ya serikali ya usajili, na hapo kwa oda andika ile namba ya rekodi uliyoiona irishgenealogy wasikutafutie upya.