Taa nyekundu ya Prius na adapta mbili: usinunue betri kwanza

Karibuni tena, watu wangu. Leo mezani nina vidude viwili. Hiki cha bluu, kidogo kama kiberiti, nilikinunua kwa bei ya sahani mbili za biriani. Hiki cheusi kilinila kama mara sita ya hapo. Kazi yao ni moja: unachomeka kwenye soketi chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na simu inakuonyesha yanayosemwa kuhusu betri kubwa ya gari la haibridi, lile la petroli na umeme. Zingatia hapo, nimesema "yanayosemwa". Tutarudi.

Nimevijaribu mwezi mzima kwenye Prius ya mjomba wangu hapa Mombasa, toleo la pili, NHW20. Gari lilikuwa na kichaa. Linatembea vizuri siku nne, siku ya tano ukivuka tuta, pembetatu nyekundu hiyo kwenye skrini. Fundi anafuta, linatulia, mvua ikinyesha linaanza tena. Kodi iliyosomwa ni P0A80, yaani "badilisha betri kubwa". Kodi za gari, yaani namba za hitilafu, si zile za KRA wakusanya ushuru, ingawa zote mwisho wake ni mfukoni. Gereji moja ikamwambia betri imekufa, alete hela ya nyingine. Mjomba akanipigia simu, sauti yenyewe ya mtu aliyefiwa.

Sasa hebu tulielewe hili boksi. Ndani ya betri ya NHW20 mna moduli 28, yaani betri ndogo ndogo, kila moja volti 7.2, zimefungwa mnyororo mmoja hadi volti 201.6. Kompyuta ya betri haisomi moduli moja moja, inazisoma mbili mbili, yaani makundi 14. Na makundi 14 yanahitaji waya 15 tu za kupimia, kwa sababu kila waya wa katikati unatumiwa na majirani wawili: kwa huyu ni mwisho, kwa yule ni mwanzo.

Hapo ndipo penye siri yote ya video hii. Waya mmoja wa katikati ukiota kutu au ukilegea, kompyuta inapoteza mpaka kati ya majirani wawili. Kundi moja linaonekana limeshuka, la pembeni yake linaonekana limepanda, na kiasi kilekile. Anachopoteza mmoja, jirani yake anakipata. Betri yenyewe haina habari!

Tazameni picha ya simu niliyopiga tukiwa tumesimama, gari liko READY, yaani limewashwa tayari kuondoka, umeme hauingii wala hautoki kwa maana. Makundi mengine yote yako karibu na volti 15.9. Kundi la 4: 13.2. Kundi la 5: 18.6. Yajumlishe hayo mawili. 31.8. Gawanya kwa mbili. Enhe.

Moduli iliyochoka kweli haina tabia hiyo. Ukikanyaga mafuta inazama kuliko wenzake, ukifunga breki ikichajiwa inaruka juu kuliko wenzake, na jirani yake hashughuliki. Inafuata mkondo wa umeme. Hii ya mjomba ilikuwa inafuata matuta. Ila msinishike hapo kama mstari wa Kurani: bati la kuunganisha moduli likilegea, nalo hufuata mkondo na kujifanya moduli mbovu. Kwa hiyo hata ukiona dalili za moduli kuchoka, fungua uangalie kabla ya kulipa. Na waya wa kupimia ukikatika kabisa kuna kodi yake, P3030. Huu wetu ulikuwa umekatika nusu, ndiyo maana ulikuwa unasingizia betri.

Turudi kwenye bidhaa. Kidude cha bluu kimeandikwa v1.5. Chipu halisi ya ELM327, ile inayoendesha adapta za namna hii, iliyotengenezwa na Elm Electronics ya Kanada, haikuwahi kuwa na toleo la 1.5, hiyo ni namba ya wanakili. Kunakili peke yake si dhambi kubwa kama kinafanya kazi. Na kinafanya, kwa kodi za kawaida. Lakini kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka kinanichosha: namba zinabadilika polepole, mara mbili kwa siku kinakata mawasiliano, na ajabu yake kinakata palepale kwenye tuta. Sijui ni gari au ni chenyewe. Kifaa cha kutafuta mguso mbovu hakifai kuwa na mguso mbovu.

Cheusi kinasoma haraka na hakijakata hata mara moja. Nilikitumia na programu ya simu ya Dr. Prius kwa kuangalia makundi, kisha Hybrid Assistant, ya Android pekee, kwa sababu inarekodi safari. Kurekodi ndiko kulikotuokoa. Mjomba aliendesha wiki nzima na simu ndani ya dashibodi, nami jioni natafuta sekunde ambazo kundi la 4 na la 5 ziliachana. Ziliachana kwenye matuta, hazikuachana kwenye mlima wa daraja la Nyali ambako betri inanyonywa kweli.

Lakini hiki nacho hakipimi volti. Kinauliza kompyuta ya betri, na kompyuta ikidanganywa na waya, simu yako inadanganywa kwa lugha nzuri zaidi. Mwamuzi ni mita ya volti.

Na hapa tuheshimiane. Hii ni volti 200 za mkondo mnyoofu, DC. Zima gari, ufunguo weka mbali, tenganisha betri ndogo ya volti 12, vaa glovu za umeme za daraja 0, chomoa plagi ya rangi ya chungwa huko nyuma, subiri dakika tano angalau. Kuchomoa plagi kunakata mnyororo tu. Moduli bado zina umeme wa kukuua. Hujawahi? Mpe anayejua, wewe shika tochi.

Tulipofungua, mita ilisoma moduli ya 7, 8, 9 na 10: zote volti 7.9. Hakuna mgonjwa. Kati ya 8 na 9, nati ilikuwa imevaa koti la kijani, na kijicho cha waya, ile pete ya chuma mwishoni mwake, kinacheza. Hewa yetu ya chumvi, na magadi ya betri yakitambaa pembeni ya nguzo, shaba haina pa kukimbilia. Tukasugua mabati yote kwa siki, tukakausha, tukabadilisha kijicho, nati tukakaza kwa rinchi ya kipimo, niutoni-mita 5.4. Usikaze kwa hasira, nyuzi zimeshikwa na plastiki.

Wenye Aqua ya toleo la kwanza, hesabu yenu ni moduli 20 na volti 144, lakini ujirani ni uleule. Nissan Leaf za mwanzo, za umeme mtupu, zina jozi 96 za seli, programu ya LeafSpy inawaonyesha zote. Tafuteni kwenye chati ya simu nguzo mbili zilizo bega kwa bega, moja fupi moja ndefu.

Cha bluu nampa mwanangu achezee. Cheusi mjomba amekataa kurudisha.