Mtego wa nzi wa sahani inayozunguka: uzoefu wangu Wete

Nyumba yetu hapa Wete imepakana na njia wanayopita wauza samaki, na msimu wa maembe ukiingia nzi huzidi mpaka kawa tulizofunikia vyakula huonekana nyeusi. Dawa ya kupuliza siitaki karibu na chungu, na karatasi ya gundi hunasa nywele za watoto kabla ya nzi. Kwa hivyo nilinunua, kwa shilingi 35,000 katika duka moja la Chake Chake, mtego unaotumia umeme wa chaja ya simu.

Chini yake pana sahani inayozungushwa na mota ndogo, nusu ikiwa wazi na nusu ikiwa imefunikwa na kizimba cha wavu. Nzi hutua upande wa wazi kula chambo, sahani ikampitisha chini ya ukingo hadi upande wa pili, na anaposhiba huruka juu kuufuata mwanga, akajikuta kizimbani. Uhodari wote uko katika mwendo wake. Nzi huona upesi kuliko sisi, hata ukimnyanyulia mkono tu keshaondoka, lakini sahani hii huenda polepole kiasi kwamba ukiitazama utadhani imesimama, naye hana habari kuwa anasafirishwa. Nimemtazama mmoja kwa karibu akisugua miguu yake ya mbele, akiinama kufyonza, akisugua tena, mpaka ukingo ukampita juu ya kichwa.

Chambo ndicho kinachohitaji akili, kwa sababu nzi wa nyumbani hana meno: kitu kikavu hukitemea mate kwanza kikalainika, ndipo akakifyonza. Sukari kavu humkalisha muda mrefu ila haina harufu ya kumwita. Asali ilituletea nyuki. Matumbo ya samaki yalinasa wengi kuliko chambo chochote, lakini shombo lake halivumiliki ila uani, mbali na madirisha. Ninachotumia sasa ni embe lililoiva kupita kiasi, likapondwa pamoja na sukari na siki kidogo, na siki hiyo ndiyo inayowazuia nyuki. Mchanganyiko uwe mzito, kwani ukiwa majimaji hutiririka chini ya sahani, ukakauka na kuigandisha.

Kizimba hutumbukizwa chote katika ndoo ya maji ya sabuni, kisha nzi waliokufa husuuzwa na kumwagiwa kuku, ambao wameshaizoea saa hiyo na huja wenyewe. Kasoro ninazozilalamikia ni mbili: kibanio cha kizimba ni chepesi na kwetu kimeshavunjika, nikafunga kwa uzi wa mshipi, na umeme ukikatika, sahani husimama na nzi wakala karamu ya bure, isipokuwa uwe na betri ya kuchajia simu.

Anayetarajia kuwamaliza nzi asinunue. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa katika uhai wake, na katika joto letu yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, hivyo maadamu banda la mbuzi la jirani (ambaye simlaumu, mbuzi ni riziki) halijafagiliwa, mtego utabaki kuvuna tu. Mimi nimeuweka uani, baina ya banda na mlango wa jiko, na wanaofika jikoni sasa ni wachache. Kawa, hata hivyo, hatujaziondoa.