Jirani alinishtaki, na kampuni ya bima ikaniambia huo ni ugomvi wetu

Bima yangu ya nyumba ilinilipia wakili niliposhtakiwa na jirani, tena wakili hodari, na hata hivyo bado nina hasira nayo. Yeyote anayejiuliza kama bima ya namna hii humsaidia mtu aliyepelekwa mahakamani na jirani yake anastahili jibu ambalo mimi sikulipata kwenye kaunta ya kampuni yangu, kwa sababu jibu nililopewa pale halikuwa la kweli, na aliyelitoa hakuwa amezisoma karatasi alizozishika mkononi.

Chanzo cha kesi kilikuwa bomba. Bomba la upande wangu lilipasuka ghafla, maji yakapenya hadi kwa jirani, yakaharibu ukuta wake na baadhi ya samani. Hata hivyo, kati yangu na jirani huyo kulikuwa na mengine ya zamani zaidi: uzio wangu, ambao yeye anadai umeingia ndani ya kiwanja chake, na maneno anayosema niliyatamka juu yake mbele za watu. Alipoamua kwenda mahakamani aliyakusanya yote katika hati moja ya madai. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa uzio, wa pili ulikuwa wa maji, na mwishoni yakaja madai ya kashfa pamoja na ombi la amri ya kunizuia nisiendelee kujenga mpakani.

Nilizipeleka karatasi hizo kwa kampuni mara nilipozipokea, kwa kuwa hati ya bima inaagiza hivyo. Mwenye bima akiletewa wito wa mahakama anatakiwa kuuwasilisha bila kukawia na bila kuujibu mwenyewe, na akichelewa, ucheleweshaji huo unaweza kutumiwa kama sababu ya kumkatalia. Afisa wa madai alipitisha macho kwenye mistari ya juu ya ukurasa wa kwanza, akaliona neno mpaka, akazisukuma karatasi juu ya meza zikanirudia. "Mama, ugomvi wa majirani haubimiwi," alisema. Nilimwomba afungue ukurasa wa pili. Alisema ameshaelewa. Nilimwomba tena, kwa adabu ile ile, naye akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu kana kwamba nilikuwa nimeshaondoka.

Tangu siku hiyo nimeisoma hati yangu ya bima kwa makini kuliko ninavyodhani yeye amewahi kuisoma. Mahakama haina kesi iitwayo ugomvi wa majirani. Ina madai ya uharibifu wa mali, ya kuumiza mtu, ya kuvamia ardhi, ya kero, ya kashfa, na kila dai lina masharti yake. Bima nayo hutazama dai moja moja. Sehemu ya hati inayohusu dhima ya mwenye bima, yaani wajibu wake wa kufidia hasara za watu wengine, haiulizi kama mdai ni jirani, mgeni au mpita njia, wala haiulizi kama mlikuwa mnasalimiana. Inauliza kama kulitokea ajali, kama ajali hiyo ilimjeruhi mtu au iliharibu mali yake, na kama ilitokea wakati bima ikiwa hai. Mbwa wako akimuuma jirani, mti wako ukiangukia gari lake, au bomba lako likipasuka na kumlowanisha, hayo ndiyo mambo ambayo sehemu hiyo iliandikwa kwa ajili yake, isipokuwa hati yenyewe iwe imeyaondoa kwa maneno, kama baadhi ya kampuni zinavyofanya kwa mbwa wa aina fulani.

Nakiri, kwa uchungu, kwamba kuhusu uzio kijana yule hakukosea. Uzio haujengwi kwa ajali. Mtu anayeusimamisha anajua anausimamisha wapi, na swali la nani mwenye kipande kile cha ardhi ni swali la miliki, ambalo bima ya nyumba kwa kawaida hailigusi. Kashfa nayo huwa nje, isipokuwa mwenye bima awe amenunua nyongeza inayohusu madhara ya aina hiyo. Amri ya zuio ni kitu kingine kabisa, kwani hakuna fidia ya kulipa pale mahakama inapokuamuru uache kufanya jambo. Kelele, moshi, harufu na matusi yanayorudiwa kila wiki huangukia huko huko, kwa sababu kampuni itasema ni mwenendo wa makusudi, na mara nyingi itakuwa na hoja. Kwa hiyo, tukihesabu kwa idadi ya madai, afisa alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini dai la maji ndilo lililokuwa na fedha nyingi, na lilikuwa kwenye ukurasa ambao hakutaka kuufungua.

Nilitafuta mikataba ya nchi nyingine ili nione kama ni mimi nisiyeelewa. Marekani, mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba unasema wazi kwamba kampuni itamtetea mteja kwa gharama yake, kwa wakili itakayemchagua yenyewe, hata kama madai hayana msingi au ni ya uongo, na mahakama za majimbo mengi huko zimeshikilia kwamba dai moja tu linaloweza kuangukia ndani ya bima hutosha kuilazimu kampuni iitetee kesi nzima. Wajibu wa kutetea ni mpana kuliko wajibu wa kulipa. Hati yangu haikuandikwa kwa ukarimu huo, lakini nayo ilisema kampuni itagharamia utetezi wa dai lolote la ajali lililo chini ya bima. Hayo yote yalikuwa kwenye hati iliyochapishwa na kampuni yenyewe, ikiwa na nembo yake juu.

Niliandika barua makao makuu. Nilinakili kifungu, nikanukuu aya ya hati ya madai inayozungumzia bomba, nikaomba jibu la maandishi. Hapo ndipo hukumu yangu inapoanza kuyumba, maana jibu lilikuja, na lilikuwa la kiungwana. Kampuni ilikubali kunitetea katika dai la maji huku ikihifadhi haki ya kukataa kulipa iwapo ingebainika baadaye kwamba bomba lilikuwa likivuja polepole kwa muda mrefu. Tofauti hiyo si ndogo: mpasuko wa ghafla ni ajali, ilhali unyevu wa miezi mingi huhesabiwa kuwa uchakavu na uzembe wa matunzo, na karibu kila hati huuondoa kwenye bima. Barua ya namna hiyo humtisha anayeipokea kwa mara ya kwanza, lakini ni haki yao, nami sina ugomvi nayo.

Wakili waliyempanga alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba taarifa ya fundi bomba na kile kipande chenyewe kilichopasuka, akakaa na mkadiria hasara hadi ikathibitika kwamba mpasuko ulikuwa mpya, kisha akaichambua orodha ya samani za jirani kimoja baada ya kingine. Kwa muda fulani nilikuwa tayari kumsamehe kila mtu, hata yule wa kaunta. Niliwaambia ndugu zangu kwamba kama wana nyumba, wakate bima hii hii.

Kisha kampuni ikamlipa jirani bila kuniuliza. Kifungu kinachowaruhusu kipo, nimekiona: kampuni inaweza kumaliza dai kwa suluhu pale inapoona inafaa. Kwa hesabu zao ilikuwa rahisi kulipa kuliko kuendelea na kesi. Lakini jirani alitoka pale akitangaza kwamba nimeshindwa, na siku hiyo hiyo wakili wangu mpendwa akaniarifu, kwa masikitiko ya dhati, kwamba dai la maji limekwisha na kazi aliyolipiwa na kampuni imekwisha pia. Uzio na kashfa vikabaki mikononi mwangu, kwa fedha zangu, katikati ya kesi. Nilipomuuliza kama tunaweza angalau kufungua madai kinzani, kwa kuwa jirani huyo aliziba mfereji na maji ya mvua sasa yanarudi kwangu, alieleza kwamba bima ya dhima hukukinga unaposhtakiwa na haikupi silaha ya kumshtaki mwingine. Kwa hilo kuna bima ya gharama za kisheria. Nchini Uingereza huuzwa mara nyingi kama nyongeza ya bima ya nyumba, na wanaoiuza hudai kwanza wakili aone kwamba uwezekano wako wa kushinda unazidi asilimia 50. Ujerumani ni bima inayojitegemea, yenye muda wa kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi. Wakala aliyeniuzia bima yangu hakunitajia kwamba kitu kama hicho kipo, ingawa alinitajia mambo mengine mengi nisiyoyahitaji.

Kuna sharti moja zaidi linaloniudhi kuliko fedha. Hati inakataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Bomba lilipopasuka nilitaka kwenda kwa jirani, nimpe pole na kumwambia nitatengeneza ukuta. Nikazuiwa na kifungu. Nilimpa pole ya mdomo, fupi na yenye tahadhari, kama mtu anayesoma tangazo, naye akaielewa kuwa kiburi. Sisemi kwamba angeacha kushtaki, kwa sababu mambo ya uzio yalikuwa yameshamjaa. Nasema tu kwamba nilikuwa nalipia ada kila mwaka ili nikatazwe kuwa jirani mwema siku ile ambayo wema ungefaa kitu.

Je, ni bima mbaya? Jana ningejibu ndiyo. Nikikumbuka kiasi walichomlipa jirani, ambacho mimi nisingeweza kukitoa bila kuuza kitu, nasita. Nikikumbuka karatasi zikisukumwa juu ya meza, nasema ndiyo tena, maana ni wangapi wamesimama kwenye kaunta ile wakiwa na ukurasa wa pili wenye haki yao, wakaamini wanachoambiwa, wakarudi nyumbani kutafuta wakili kwa fedha za kukopa? Anayeshika hati ya madai kwa ajili ya kampuni ya bima na asiisome hadi mwisho hafai kukaa pale, hata kama kampuni yenyewe ina mawakili wazuri kupindukia.

Wakati wa kuhuisha bima ulipofika niliomba nyongeza ya gharama za kisheria. Wamekubali kuniuzia, isipokuwa haitahusu mgogoro wowote na jirani huyu, kwa kuwa ulianza kabla ya nyongeza yenyewe. Nikaenda kwa kampuni nyingine, na fomu yao ikaniuliza kama nina mgogoro unaoendelea na jirani au kesi iliyo mahakamani, swali ambalo ni lazima lijibiwe kwa ukweli, maana kuficha jambo kama hilo kunaweza kubatilisha bima nzima. Nilijibu kwa ukweli. Hawajanirudia. Kwa hiyo nimelipa ada ya mwaka mwingine pale pale, na nimeomba kwa maandishi kwamba jambo langu lolote lisipitie tena kaunta ile.