TAHADHARI: ADS1299 za yule jamaa si za chaneli nane, ni za chaneli nne

Wakuu, msinunue tena ADS1299 (chipu ya kupima mawimbi ya ubongo, EEG) kwa yule muuzaji, mnamjua. Chipu kumi alizoleta ni za chaneli nne, zimefutwa maandishi zikaandikwa upya. Aibu ni kwamba zote zimeshalehemiwa kwenye bodi ndipo ID, yaani namba ya utambulisho iliyomo ndani ya chipu, ikasomwa.

Lakini nani angeshuku? Umbo ni lilelile, TQFP ya miguu 64. Bei ilipungua kidogo tu, si ya kutupa. Chaneli ya 1 hadi ya 4 ziko safi: mawimbi ya majaribio yanatoka mraba, na ingizo zikipigwa shoti ndani kwa ndani kwa geini (ukuzaji) ya 24 (rejista ya mpangilio wa chaneli, CHnSET = 0x61), kelele ni kama maikrovolti 1 tu. Chaneli ya 5 hadi ya 8, sifuri. Siku mbili nzima lawama zikaenda kwa lehemu, hewa moto ikapitishwa upya miguu yote, nyaya za elektrodi zikabadilishwa. Bure! Elektrodi iliyoachia huleta mvumo wa 50 Hz, au kipimo kinakwama ukingoni. Hata ingizo lenye shoti lina kelele yake. Sifuri tupu kwenye biti zote 24, sampuli baada ya sampuli, maana yake humo ndani hakuna kigeuzi cha kubadili mawimbi kuwa namba. Fremu, yaani furushi la data la sampuli moja, ya chaneli nane ni biti 216 (24 za hali ya chipu, kisha 24 kwa kila chaneli). Hii inaishia 120, na zinazofuata ni za DAISY_IN (mguu wa kupokea data ya chipu nyingine) iliyofungwa kwenye graundi, ndiyo maana ni sifuri.

Ndipo ID ikasomwa. SPI (njia ya kuongea na chipu) modi 1. Tuma 0x11, amri ya kusimamisha data, kwanza, kwa sababu chipu ikiwaka inaanza kumwaga data mfululizo na haijibu maombi ya rejista. Kisha 0x20, 0x00 (soma rejista moja, ya ID) na bayti moja tupu. Ya chaneli nane hujibu 0x3E. Ikaja 0x3C. Bodi zote kumi, 0x3C!

Alipopigiwa alisema bodi ndiyo mbovu, halafu akazuia namba. Huyu ashitakiwe. Mliouziwa leteni risiti na picha, tumpeleke polisi na Tume ya Ushindani kwa pamoja. Arudishe hela yote, na asiuze tena hata rezista.

Dalili zilikuwepo: video yake ilionyesha chaneli mbili tu, na uso wa chipu ukisuguliwa kwa pamba yenye asetoni unaacha weusi. Mwenye mzigo wake mkononi alehemu moja tu, asome ID, nyingine asiziguse.