Wikendi ya kutazama ndege Lutembe na Mabamba: uzoefu wangu

Nina miaka tisa Kampala nikifundisha Kiswahili. Barabara ya Entebbe nimeipita mara zisizohesabika, wala sikujua kwamba kule chini, mkono wa kushoto ukielekea uwanja wa ndege, kuna ghuba ya Ziwa Victoria, Lutembe, wanakolala ndege waliotoka Urusi. Wikendi ya pili ya Machi nikaamua kumpeleka binti yangu wa miaka 11. Nililipa kampuni moja ya utalii shilingi 380,000, na mtoto nusu yake: Jumamosi Lutembe, Jumapili Mabamba, ghuba nyingine ya ziwa hilohilo, pamoja na gari, mitumbwi, chakula cha mchana na darubini.

Nianze na lililoniuma. Tuliambiwa tuwe tayari saa kumi na moja alfajiri. Gari lilifika saa moja na robo. Kwa safari nyingine ningesamehe. Kwa hii siwezi, kwa sababu buabua (ndege kama shakwe, ila wadogo na wembamba zaidi) hulala ghubani, na kukicha tu hutawanyika ziwani kutafuta chakula. Tulipofika mwaloni jua lilikuwa limeshapanda. Tulikuta shakwe wamejipanga ukingoni mwa mafunjo na vikundi vichache vya buabua, basi. Darubini tuliyopewa jicho moja lilikuwa na ukungu ndani. Binti yangu akaniuliza, "Mama, ndio hawa tu?"

Aliyeiokoa siku ile ni mzee wa mtumbwi. Kiswahili chake ni cha ziwani, alikiokota Mwanza na Ukerewe enzi za kufuata dagaa. Alipouona uso wa mtoto akasema, "Mwalimu, msiondoke. Rudini hapa saa kumi jioni. Wanarudi wote, hakuna anayelala nje." Dereva alikataa, akadai ratiba haisemi hivyo. Nikashikilia, maana asubuhi yetu ilikuwa imepotea kwa kuchelewa kwake. Mwishowe akakubali.

Saa kumi na nusu tukasukuma mtumbwi, injini imezimwa, mzee anatumia upondo. Ghuba ya Lutembe ina kina kifupi, na kisiwa cha mafunjo karibu kiifunge kabisa isikutane na ziwa kubwa. Ni ndogo mno. Eneo lililoingizwa mwaka 2006 kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ni hekta 98 tu, wakati Mabamba, iliyoingia mwaka huohuo, ina hekta 2,424. Lakini kwenye hekta hizo 98 hesabu za wataalamu zimewahi kupita ndege milioni moja, wengi wao buabua mabawa-meupe.

Kwa saa nzima walikuja wachache wachache. Halafu, jua likiwa limeshuka usawa wa mafunjo, nikaona moshi juu ya ziwa. Nilidhani ni wale wadudu wa ziwani wasiouma, wanaopanda kama nguzo. Mzee akatikisa kichwa. Ule moshi ukageuka, wote kwa pamoja, ukawa mweupe; ukageuka tena, ukapotea. Kisha sauti ikatufikia, kri-kri-kri kavu kutoka kila upande, na wakawa juu yetu. Binti yangu alinishika mkono na hakuuachia.

Mmoja alipita karibu kiasi cha kumgusa kwa kasia. Buabua huyu hajitupi majini kama mdiria. Anashuka, anadokoa kitu juu ya maji kwa ncha ya mdomo, anapaa bila kulowa. Nilimwona vizuri: kifua cheupe chenye mabaka meusi, kama karatasi iliyodondoshewa wino. Hapa Uganda wengi huwa weupe na kijivu, ila kabla ya kurudi Ulaya Mashariki na Asia kuzaliana hubadilisha manyoya, mwili ukawa mweusi na mabawa yakabaki meupe. "Akishakuwa mweusi wote," mzee alisema, "ujue amefunga mizigo."

Kama unachotaka ni bata kwa wingi, Lutembe usiitegemee sana. Sisi tuliona sita tu wa kutoka kaskazini, wadogo, dume akiwa na mstari mweupe kutoka juu ya jicho hadi kisogoni, safi kama wa chaki. Binti yangu ndiye aliyewaona kwanza, kwa jicho lile moja zima la darubini.

Mzee alinionyesha kwa upondo mahali palipokuwa na tope la ndege kutua kabla maji hayajapanda mwaka 2020, mwaka ziwa lilipovuka rekodi ya 1964. Ng'ambo yanaonekana mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua. Naiogopea sana ghuba hii. Ndege aliyesafiri kilomita maelfu akikosa pa kutua hapa, aende wapi?

Mabamba nitaisema kwa kifupi. Tulivuka maji kutoka Nakiwogo hadi Buwaya, tukapanda mtumbwi kwenye vijia vya mafunjo, na baada ya dakika 40 tukamwona korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, bbulwe kwa Waganda, amesimama kama mlinzi akimvizia samaki aitwaye kamongo. Zamani wavuvi walimwona wa mkosi, wakimuua. Leo wavuvi haohao ndio wanaowaongoza wageni, na wanamjua vizuri. Kilichoniudhi ni mtumbwi mmoja uliomsogelea mno kwa ajili ya picha hadi akaruka. Mwongozaji wetu alikataa kusogea, nami nikamshukuru. Ni ndege wa ajabu, lakini kampuni zinamuuza yeye na kuifanya Lutembe iwe ya kupotezea asubuhi. Mimi naona kinyume: wangetupa jioni mbili Lutembe.

Kampuni naipa mbili kati ya tano. Mzee wa mtumbwi na mwongozaji wa Mabamba, tano kila mmoja. Ukienda, nenda kati ya Novemba na Machi, uwe majini alfajiri au jioni, kagua darubini kabla ya kulipa, na udai boya la kuvaa hata kama maji yanaonekana mafupi. Mvua za Machi zipo, beba koti.

Jumatatu niliipigia kampuni. Wamenirudishia shilingi 60,000 kwa ajili ya darubini. Nimemtumia mzee pesa hiyo kwa simu iwe malipo ya awali ya safari ya mwisho wa Oktoba, wakati buabua wanapoanza kufika wengi. Amenijibu kwa ujumbe: "Nimepata Mwalimu. Mlete mjukuu wangu."