Niliulizwa kama nimesomea tairi

Nianze na sifa, nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Matairi niliyofungiwa kwenye hilo duka ni mazuri. Usukani umenyooka, gari halivuti kushoto kama zamani, na bei ilikuwa na unafuu kuliko maduka mawili niliyopita kabla ya hapo. Ningekuwa mwepesi wa kusahau ningewapa nyota nne nikaendelea na mambo yangu. Ila mimi si mwepesi wa kusahau. Mpaka leo naosha vyombo nasikia ile sauti ya fundi wao: "Kwani mama, umesomea tairi wewe?"

Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili au tatu hivi zilizopita, mvua zilikuwa bado hazijakolea. Duka lipo pande za Ilala, jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nilienda na kiVitz changu, matairi ya mbele yameanza kuwa kipara, nikaona nibadili yote manne. Akanipokea kijana wa ovaroli la bluu, simu kaibana kwa bega. Shikamoo sikupewa, lakini hilo mjini hapa nilishalizoea.

Akainama akaangalia mara moja, akasema size yangu hakuna, niweke 185/70. "Rimu ni ileile kumi na nne mama yangu, zinaingia." Nikamwambia zilizopo zimeandikwa 165/70R14 na mimi nataka hizohizo. Akavuta pumzi kama nimemtuma Kigoma kwa miguu, akaingia stoo, akatoka na matairi manne ya 165/70R14. Yalikuwepo muda wote! Hapo ndipo ningeshtuka nikaondoka, lakini gari lilikuwa limeshapandishwa jeki.

Kufunga alifunga vizuri, sina neno. Shida ilikuja kwenye upepo. Nikamwona anachungulia ubavu wa tairi jipya, kisha anajaza, kompresa inanguruma, sindano ya geji inapita thelathini, inapita arobaini. Nikamuuliza mbona nyingi hivyo. Akanionyesha kwa kidole maandishi ya ubavuni: MAX PRESS 300 kPa (44 PSI), yaani upepo uleule kwa vipimo viwili. "Tairi lenyewe limeandika, mama." Nikamfungulia mlango wa dereva nikamwonyesha kile kibandiko kwenye nguzo, chenye maandishi ya Kijapani na namba 220. Akacheka. "Hiyo ya Japani. Kule baridi. Huku joto, tunajaza 44." Nikasema lakini gari si lilelile? Ndipo akageukia benchi walipokaa wenzake na wateja wawili, akasema kwa sauti ili wasikie wote: "Kwani mama, umesomea tairi wewe?"

Wakacheka. Hata yule baba mwenye Noah ambaye naye alikuwa anasubiri huduma, naye akacheka. Nikalipa, nikaondoka.

Sasa, sikuwa nimesomea. Kweli kabisa, nilikuwa najua tu kwamba kibandiko kipo. Basi usiku ule nikasomea, kwa hasira, mpaka saa saba.

Ile 165 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, yaani kama milimita 115. R si rimu, ingawa mtaa mzima unasema R ni rimu. Ni radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa. Rimu ndiyo hiyo 14, kwa inchi. Mbele yake yangu yameandikwa 81S. Hiyo 81 maana yake tairi moja linabeba mpaka kilo 462, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, ambao kigari changu hakijawahi hata kuuota. Nikapiga hesabu ya zile 185/70 alizotaka kunibambika: tairi linakuwa kubwa kwa karibu sentimita tatu toka juu mpaka chini, sawa na asilimia 5 hivi. Dashibodi ingesoma 80, mimi nipo karibu 84. Jamaa wa tochi pale Kibaha wangenielewa nikiwaambia ni fundi?

Na upepo. Hapa ndipo nilipokaa kitandani wima. Namba ya ubavuni ni kikomo, ya kwamba usizidishe hapo. Anaiandika aliyetengeneza tairi, hajui litafungwa kwenye Vitz au kwenye gari gani. Namba ya mlangoni imeandikwa na aliyetengeneza gari, anayejua uzito wake. Ile 220 ni kPa. Ukigawanya kwa 6.9 unapata 32 kwa psi, ambayo ndiyo geji zetu nyingi zinasoma. Halafu unapima tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla hujatoka au gari likiwa limesimama masaa matatu hivi. Likitembea linapata joto, upepo unapanda wenyewe, na hilo limeshahesabiwa kwenye 32. Kwa hiyo hadithi ya "huku joto" haisimami kabisa, maana ukijaza 44 asubuhi, kufika Chalinze saa saba mchana upepo umeshavuka hapo. Na nani kamwambia Japani ni baridi mwaka mzima? Tokyo mwezi wa nane watu wanaloa jasho kama sisi Februari.

Nilikuwa nimeshaionja hiyo 44 jioni ileile. Kwenye matuta ya Tabata gari lilikuwa linadunda kama mpira wa kitenesi, vikombe vya mwanangu vinagongana nyuma. Kesho yake ikanyesha kidogo, ile mvua ya kulainisha vumbi tu. Nikakanyaga breki nyuma ya bajaji, gari likateleza hatua mbili tatu kabla ya kushika. Bajaji haikuguswa. Moyo wangu ulikuwa kooni. Tairi likijaa kupita kiasi linavimba katikati, linagusa lami kwa utepe mwembamba, breki inashika kwa shida, na baada ya miezi unakuta katikati pameisha, pembeni bado papya. Nyota moja! Hata hiyo moja ni kwa sababu siwezi kuweka sifuri.

Ila niseme na hili, kwa kuwa lazima nilale. Wakati anatoa matairi ya zamani, yule kijana aliyaangalia akasema, "Mama, ulikuwa unatembelea upepo mdogo." Nikampuuza. Baadaye nikayatazama vizuri kwenye buti: mabega yote mawili yameliwa, katikati kashata, yale meno ya tairi, bado zipo. Alikuwa sahihi. Sikumbuki mara ya mwisho kupima upepo ilikuwa lini, labda Krismasi, labda Krismasi ya mwaka ule mwingine. Na nilipoangalia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, matairi aliyoniuzia si ya kukaa stoo miaka. Kwa hiyo si tapeli. Ni mjuzi nusu, na mjuzi nusu hapendi kuulizwa.

Jumatatu nikanunua geji yangu ya mkononi. Asubuhi, gari limelala: 43, 43, 44, 43. Nikapima na spea, ambayo hakuna aliyeigusa: 18. Wakati wa mapumziko ya mchana nikarudi dukani. Kijana hayupo. Nikamkuta mwenye duka, mzee mmoja mpole, nikamwamkia, nikamwonyesha kibandiko. Akakisoma, akatikisa kichwa, akasema "huyu nimeshamwambia." Tukasubiri gari lipoe, huku nanyweshwa soda. Akapunguza upepo mwenyewe, anabonyeza, fyuu, anapima, fyuu, anapima, mpaka 32 zote nne. Spea akaijaza. Akaniomba radhi kwa niaba ya kijana wake, na hela hakuchukua.

Kwa huyo mzee, nyota tano. Kwa duka basi tuseme tatu. Nilikuwa nimeshaziandika hizo tatu, nikakumbuka lile benchi na yule baba wa Noah. Mbili.

Halafu jana naosha gari nikagundua tairi la nyuma kushoto halina kifuniko cha valvu. Vilikuwa vinne vyeusi nilipoingia pale, vikatoka vitatu. Najua ni kitu cha shilingi mia mbili. Jumamosi naenda kukidai, na nitakidai kwa yule kijana mwenyewe, mbele ya benchi.