Programu gani ya uchambuzi ununue kwanza kama unacheza tonamenti ndogo za poka mtandaoni

Watu wengi wakishaanza tonamenti ndogo za poka, zile za meza moja ya watu 6 au 9, programu ya kwanza wanayoitamani ni solva kubwa (programu inayopiga hesabu ya uchezaji bora) kwasababu ndo wanayoona maproo wanaitumia, na hapo ndo hela inaanza kupotea. Kwenye hizi tonamenti blaindi (madau ya lazima) zinapanda haraka, muda si mrefu kila mtu amebaki na chipu za blaindi kubwa 10 au 12 tu, na kuanzia hapo mchezo karibu wote ni swali moja tu, unaweka zote mezani au unatupa karata. Kwahiyo nimezipanga programu kwa jinsi zinavyokusaidia kujibu swali hilo, jina kubwa sijali.

Namba 1: kikokotoo cha ICM (ICMIZER au Holdem Resources Calculator, yaani HRC)

Hii ndo ya kununua kwanza na sina wasiwasi kabisa. ICM inageuza chipu zako kuwa sehemu ya zawadi, na hesabu yake hauwezi kuihisi tu kwa akili mpaka uione kwa macho. Chukua mfano, mmebaki 4, kila mtu ana chipu 2,500, zawadi ni 50, 30 na 20 kwa mia, wa nne anatoka mikono mitupu. Hapo kila mtu ana thamani ya 25. Jamaa anaweka zote (yaani anasukuma), wewe unakoli, yaani unalipa dau lake, unashinda, sasa una 5,000, chipu zimekuwa mara mbili lakini thamani yako haijafika 50, imefika 38 na kidogo. Gawa 25 kwa hiyo 38.3 unapata kama asilimia 65, yaani ukiacha blaindi zilizoko mezani unatakiwa uwe unashinda mara 65 kati ya 100 ndo kukoli kusikutie hasara, wakati kwa hesabu ya chipu peke yake 50 ingetosha. Sasa AK (Ace na King) isiyo ya alama moja dhidi ya karata zozote zile inashinda karibu hiyohiyo 65, maana yake hata kama jamaa anasukuma bila hata kuangalia karata zake, AK yako iko mpakani kabisa! Watu wanaikoli hapo kila siku na wanaona wamecheza vizuri.

Kati ya hizo mbili, anayeanza achukue ICMIZER. Inafunguka kwenye brauza, unaweza kuijaribu bure kwa mahesabu machache kabla ya kulipia, na ina sehemu ya mazoezi ambayo inakuletea hali ya mezani, unajibu, inakwambia umekosea kwa kiasi gani. HRC inakaa kwenye kompyuta yako na inaingia ndani zaidi, inafaa ukishahamia tonamenti kubwa zenye meza nyingi. Afu kwenye tovuti ya HRC kuna kikokotoo cha bure cha kusukuma na kufoldi (kutupa karata), kwahiyo kama hela bado haijapatikana anza na hicho leo hii.

Kitu kimoja cha kuangalia sana, programu ikikupa jibu inakuwa imedhani wapinzani wako wanacheza kwa usawa wa Nash, yaani kila mtu anacheza bila kosa dhidi ya wenzake. Kwenye viingilio vidogo hawachezi hivyo, wengi wanakoli na karata nyingi kuliko inavyotakiwa, so ingia ubadilishe mwenyewe karata unazoamini wanakoli nazo ndo usome jibu. Na ICM ya kawaida haijui kwamba mkono ujao wewe ndo blaindi kubwa, kwahiyo ukiwa na chipu chache sana ujue jibu lake linaweza kukufanya uwe mwoga kupita kiasi.

Namba 2: traka (PokerTracker 4 au Hold'em Manager 3)

Traka inakusanya mikono yako yote na kukuonyesha unapovuja, mfano unatupa blaindi ndogo mara nyingi mno, au ukiwa wa mwisho kuongea hausukumi. Mimi naona PokerTracker 4 inafaa zaidi kwa mtu wa kawaida, inakubali Windows na Mac, na wanakupa muda wa kuijaribu. Ila kabla hujalipa hakikisha saiti unayochezea inatoa historia ya mikono na inaruhusu HUD (takwimu za wapinzani zinazoonekana mezani unapocheza), kwasababu sio zote, GGPoker kwa mfano haitaki HUD za nje. Kama kwako HUD imekatazwa thamani ya traka inashuka sana.

Namba 3: GTO Wizard

Hii ni solva ambayo majibu yake yameshapigwa hesabu tayari, unafungua unasoma, haihitaji kompyuta yenye nguvu. Nzuri kwa mwanzo wa tonamenti mkiwa bado na chipu nyingi. Ila unalipia kwa mwezi, na kwa anayecheza viingilio vidogo piga hesabu kwanza, ada ya mwezi ni sawa na viingilio vingapi? Kama inazidi faida unayopata mwezi mzima basi subiri.

Hapa nitoe tofauti moja. Kama unacheza zile za watu 3 kama Spin & Go, mara nyingi mshindi anachukua zote, na mshindi akichukua zote ICM haibadilishi kitu, chipu ni chipu. Kwa mtu huyo GTO Wizard inapanda namba 1 na kikokotoo cha ICM kinashuka.

Namba 4: PioSOLVER

Programu kali, lakini hasa ni ya kuchambua baada ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) na inakula RAM. Ukiwa na blaindi 10 flopu yenyewe unaiona mara chache. Iache kwanza.

Zile zinazokwambia ucheze nini wakati mkono unaendelea usinunue hata wakikupa kwa bei ya kutupa, huo ni wizi kwa wenzako mezani, saiti kubwa zinakataza na akaunti inafungwa pamoja na hela iliyomo. Hata hivi vikokotoo vya halali vifungue ukishamaliza kucheza, chagua mikono ile ya mmebaki wanne au watano ambayo ulisita, anza kuipitisha hiyo kabla ya mingine yote.